Hita plagi: dizeli ikigoma alfajiri

Mbuta wako wako kwenye barafu, ni saa kumi na moja alfajiri pale Sori, na Hilux ya dizeli imegoma. Stata inazungusha injini vizuri, ekzosi inatoa moshi mweupe, lakini haishiki. Ikishika, inatetemeka kwanza ndipo itulie. Shuku hita plagi. Hita ya bloku wanayochomeka kwenye umeme wa nyumba kule Kanada haina kazi Karungu. Lakini injini za Toyota kama 2L na 3L zinataka plagi zake nne zipate moto, hata kwa baridi hii ndogo ya ziwani.

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imetulia, mita isome karibu volti 12.6. Taa ya koili kwenye dashibodi isikudanganye: inaweza kuwaka na kuzima kama kawaida huku plagi zimekufa.

Zima gari, fungua waya wa hasi wa betri, kisha toa bamba linalounganisha plagi zote. Hatua hii usiiruke. Bamba likibaki, plagi nzima zitaificha iliyokatika. Weka mita kwenye omu: ncha moja kichwani mwa plagi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Nzima husoma omu chache tu, mara nyingi chini ya 2. Mita isiposoma kitu, hiyo imekatika.

Zote nzima? Rudisha bamba na waya. Mwenzako awashe swichi bila kupiga stata, nawe upime volti kwenye bamba papo hapo, maana umeme huu haudumu. Usipoupata, kagua fyuzi na relei.

Kutoa plagi kunataka subira. Injini iwe vuguvugu. Puliza mchanga wote, tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje. Fungua polepole; ikikaza, irudishe kidogo, ujaribu tena. Ikikatikia ndani, huenda silinda hedi ikabidi ishuke, na gharama yake unaijua.

Angalia ncha. Ikiwa imevimba au imeyeyuka, nozeli zipimwe kwanza, la sivyo mpya nazo zitaungua.

Nenda dukani Migori na plagi ya zamani mkononi. Soma volti zilizochapwa: baadhi ya Toyota za betri ya volti 12 hutumia plagi za volti 6, kwa hiyo usizijaribu kwa kuzigusisha betri. Nunua zote nne.

Zifunge kwa vidole kwanza, umalizie na spana kwa upole. Na usinyunyize etha kwenye njia ya hewa: ikikutana na plagi nyekundu hulipuka kabla ya wakati, na pistoni ndiyo inayoumia.