Usiku Kucha Doha

SWALI: Mzazi wa Uroa anauliza: binti yake anakwenda masomoni London kupitia Doha, na atasubiri ndege ya pili usiku kucha. Atazipitishaje saa hizo?

JIBU: Kazi inaanzia Kisauni, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege wa Karume. Aulize kama begi linakwenda moja kwa moja hadi London. Achari ya embe iingie humo. Mkononi chupa ya majimaji haizidi mililita 100.

Uwanja wa Hamad wa Doha, uliofunguliwa 2014, una vyumba vya utulivu vya bure, vya wanawake mbali na vya wanaume. Awahi, maana viti vya kulalia hujaa. Kanga mbili asiziache: kiyoyozi cha kule hakina huruma. Usingizi ukigoma, kuna bustani ya ndani iliyofunguliwa 2022, na dubu wa njano wa msanii Urs Fischer, kimo chake mita 7 hivi.

Kwenda mjini, soko la Souq Waqif? Masharti ya viza yaulizwe kabla ya safari, na metro hailali macho usiku wote.

Saa za Doha ni zile zile za Unguja. Ila tiketi ikiandika 01:40, hiyo ni saa saba na dakika arobaini usiku, na tarehe imeshageuka.