SOMO LA BOGA: Namna ya Kuoka Boga Gumu kwa Chumvi na Mafuta ya Mawese

Ninyi baba na mama wa vijiji vya njia ya Banalia, ya Bafwasende na ya Ubundu, somo hili ni lenu. Si refu. Kaa karibu na moto, chukua boga moja gumu, kisha soma pole pole. Kama macho yako hayasomi vizuri, mwambie mtoto wa shule akusomee, naye atapata kujifunza pamoja nawe.

Siku moja nilipita katika kijiji kimoja cha msituni, mwendo wa siku moja kutoka barabara. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda machimboni. Nyuma ya nyumba ya mama mmoja niliona maboga kumi na moja yamelala chini, na saba yameoza. Mbuzi walikuwa wanakula yaliyobaki. Nikamwuliza, “Mama, kwa nini chakula hiki kimetupwa?” Akanijibu, “Moniteri, boga ni chakula cha watoto. Lina utamu kama muwa. Haliendi na samaki.” Na wakati ule ule binti yake alikuwa anarudi dukani na kikopo kidogo cha chakula, alichokinunua kwa bei ya machimbo.

Nilimwomba boga moja lililo zima, na chumvi, na mafuta kidogo. Niliona haya, kwa kuwa kijana wa kiume kupika mbele ya mama mtu mzima si desturi, na watoto walicheka sana. Lakini nilipika. Mama yule alionja, akanyamaza, akala kipande cha pili, akasema chumvi imepungua. Ndipo nilipojua kwamba somo limeingia.

Basi sasa nitakueleza nilivyofanya.

Kwanza uchague boga. Boga changa lenye ngozi laini ni la kupika katika mchuzi, si la kuoka. La kuoka ni lile lililokomaa. Utalijua namna hii: bonyeza ngozi yake kwa ukucha. Ukucha ukiingia, liache shambani. Ukucha usipoingia, tazama kikonyo. Kikiwa kimekauka na kuwa kama kijiti, boga limekomaa. Ukilipasua, nyama yake ikiwa ya rangi ya mafuta ya mawese, umepata lililo jema zaidi. Lenye nyama nyeupe laweza kuokwa pia, lakini halina nguvu ile nitakayoisema mbele.

Watu wa Ulaya na Marekani hupenda sana maboga haya magumu, kwa kuwa huko miezi ya baridi shamba halitoi kitu, na boga lenye ngozi ngumu hungoja ndani ya nyumba. Asili yake ni huko Amerika. Lilifika Afrika kwa merikebu baada ya mwaka 1492. Kwetu Kisangani hakuna miezi ya baridi. Tuko karibu kabisa na mstari wa katikati ya dunia, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Lakini nasi tuna miezi yetu ya kungoja: mpunga haujaiva, mume yuko shimoni, na fedha haijafika. Boga lililowekwa vizuri ni la miezi hiyo.

Kwa nini kuoka, wala si kuchemsha? Katika kilo 1 ya boga, karibu gramu 900 ni maji. Ukilichemsha katika maji, unaongeza maji juu ya maji. Linakuwa uji, ladha yake inakwenda katika supu, na utamu peke yake unabaki. Ndiyo sababu mama yule alilidharau. Lakini ukilioka bila maji, moto hutoa yale maji ya ndani. Nyama hukaza, kingo huungua kidogo kama ganda la mkate, na chumvi na pilipili hushika. Hapo utamu hauko peke yake tena, na boga linakwenda na samaki vizuri kabisa.

Kabla ya kuwasha moto kuna neno moja ambalo usiliruke, hasa wewe mwenye mtu katika machimbo ya dhahabu. (Wachimbaji wa almasi hawatumii dawa hii, neno hili si lao.) Wachimbaji wengi wa dhahabu hutumia zebaki, ile dawa nyeupe inayotiririka kama maji nayo ni nzito kupita chuma. Zebaki hukamata dhahabu katika mchanga. Halafu huchoma kile kidonge motoni, zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Moshi ule hauna harufu. Lakini ni sumu. Huingia kifuani, hushika mishipa ya fahamu, mikono hutetemeka, na mtoto aliye tumboni huumia kabla hajazaliwa. Tena moshi ule ukipoa, zebaki huanguka katika majivu, katika kuta, na katika vyombo vilivyo karibu. Mataifa mengi yalifanya mapatano juu ya jambo hili mwaka 2013, yakaita mapatano hayo kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walikula samaki wenye zebaki, wengi wakafa na wengine wakabaki vilema.

Kwa hiyo: moto uliochomewa dhahabu si moto wa chakula. Usioke boga katika majivu yale, hata yakipoa, hata mvua ikinyesha juu yake. Sufuria au kikaango kilichochomewa dhahabu kisirudi jikoni kamwe. Kukiosha kwa sabuni hakutoshi. Mume akija na kikaango kutoka shimoni, mwulize kimefanya kazi gani. Usiogope kumwuliza. Ni jambo la watoto wenu wote wawili.

Sasa tuoke. Osha boga kwanza, kwa sababu kisu hubeba udongo wa ngozi mpaka ndani ya nyama. Kupasua boga gumu ni kazi, na watu wengi wamejikata vidole. Usilipige kwa panga likiwa linabingirika. Liweke juu ya ubao wenye kitambaa kilicholowa ili lisigeuke, ingiza ncha ya kisu kando ya kikonyo, kisha piga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti pole pole. Toa mbegu uziweke katika bakuli, usizitupe. Kata vipande vyenye unene wa vidole viwili. Ngozi iache, itashika nyama isivunjike, na mlaji ataiondoa mwenyewe.

Kabla hujatia chumvi, onja kipande kidogo kibichi kwa ulimi. Boga jema lina utamu, au halina ladha. Likiwa chungu, tema, ukatupe boga lote mbali, na mbegu zake pia. Boga chungu lina sumu inayoumiza tumbo vibaya, na moto hauiondoi. Huja hivyo mara nyingi kama mbegu iliyopandwa ilitoka katika boga ambalo ua lake lilipata unga wa boga la porini au la mapambo. Usiseme “nitazidisha chumvi.”

Nyunyiza chumvi juu ya vipande, uviache nusu saa wakati kuni zinageuka makaa. Vitatoa jasho. Vipanguse kwa kitambaa safi, maana jasho lile ndilo linalofanya boga lichemke badala ya kuokeka. Kisha vipake mafuta ya mawese; vijiko vitatu vyatosha kilo moja. Tia pilipili iliyopondwa, na kitunguu saumu ukiwa nacho. Kitunguu cha kawaida usikitie sasa, kitaungua na kuwa kichungu, kingoje mwisho.

Twaa sufuria nzito, usitie maji hata kidogo. Panga vipande kwa safu moja tu. Vikilaliana vitatoa mvuke na kuwa laini kama uji, na kazi yako imepotea. Funika. Weka makaa machache chini, na makaa mengi juu ya kifuniko. Hii ndiyo siri ya kuoka pasipo tanuru: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Baada ya robo saa geuza vipande. Baada ya nusu saa, choma kwa kijiti. Kikiingia pasipo nguvu, boga limeiva. Sasa ondoa kifuniko, tia kitunguu, uache dakika tano nyingine ili mvuke utoke na kingo zikauke. Kamulia ndimu kidogo. Ndimu si lazima, lakini mimi siwezi kula boga bila ndimu.

Kijiji chenye tanuru ya mkate kina bahati. Mkate ukitoka, joto linalobaki ndani latosha maboga ya nyumba tatu, na kuni haziongezwi.

Aliye shambani au shimoni hana sufuria ya namna hii. Naye atumie boga dogo zima. Akate kifuniko juu, karibu na kikonyo, atoe mbegu, atie chumvi na pilipili na mafuta ndani, arudishe kifuniko. Alifunge kwa majani ya ndizi yaliyolowa, mara mbili au tatu, kama mnavyofunga liboke ya samaki. Alizike katika majivu ya moto yaliyo safi, juu aweke makaa. Saa moja, na kubwa kidogo laweza kutaka saa moja na nusu. Boga zima lisilokatwa wala kutobolewa usilitie motoni: mvuke ukikosa njia, laweza kupasuka na kumwaga moto usoni pa watu.

Boga hili si chakula cha kushibisha peke yake. Usidanganyike. Mtu anayechimba mchana kutwa hawezi kupata nguvu kwa boga. Maji yake ni mengi mno. Mpe wali, au lituma, au mihogo, pamoja na samaki wa moshi au maharagwe au sombe yenye karanga, na kando ya sahani uweke vipande viwili vya boga. Kazi ya boga ni nyingine. Ile rangi yake nyekundu ya manjano, mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyeipata huanza kutoona vizuri jua likitua; hujikwaa mlangoni, hukosa kijiko chake. Wengine hupofuka kabisa. Na surua ikimpata mtoto wa namna hii humshinda upesi kuliko wengine. Mtoto wa kijiji cha machimbo ambaye kila siku hula muhogo mweupe na chai ya sukari yuko karibu na hatari hii, hata kama tumbo lake limejaa na baba yake ana fedha.

Rangi ile huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta, kwa hiyo yale mawese si ya ladha tu. Mawese mekundu yana nguvu ile ile ndani yake. Lakini mama wengine huyachoma mpaka yageuke meupe, wakisema ndiyo uungwana. Wanachoma dawa ya macho ya watoto wao. Yapashe tu, yakiwa mekundu yafaa.

Ukitaka kumpelekea mume chakula shimoni, usimpelekee boga lililokwisha kuokwa, maana katika joto letu litachacha siku ya pili. Mpelekee maboga mabichi yaliyo mazima. Boga zima halitaki gunia wala mkebe, na akilioka kama nilivyosema halitaki sahani. Kulisha machimbo ni kazi ya zamani katika nchi hizi. Dhahabu ilipoonekana Kilo mwaka 1903, vijiji vilivyo karibu viliambiwa kutoa chakula cha wafanyakazi, mara nyingi kwa nguvu. Leo mama akiliuza boga lake huko, bei ni yake.

Kuliweka ni hivi. Vuna siku isiyo ya mvua. Kata kikonyo kirefu, vidole vinne, wala usilibebe kwa kikonyo. Kikivunjika, uozo huingia hapo. Yaanike juani siku saba mpaka kumi, mvua ikija yaingize ndani. Kisha yapange juu ya kichanja, yasigusane, mahali penye upepo. Kila juma yatazame. Lenye jeraha au doa liliwe kwanza. Katika nchi za baridi hukaa miezi mingi. Kwetu joto ni karibu digrii 25 na hewa ina maji, basi ukipata miezi miwili au mitatu, umefanya vizuri.

Zile mbegu zilizo katika bakuli zioshe, zikaushe, zikaange kwa chumvi, au uzitwange kama mnavyotwanga mbika. Lakini za boga lililokuwa tamu na jekundu kuliko mengine, chagua ishirini zilizojaa, uzikaushe kivulini kwa ajili ya shamba. Panda mbegu mbili au tatu kwa shimo moja, mashimo yapishane meta mbili, katikati ya mahindi.

Nilipopita tena katika kijiji kile, yule mama alikuwa amezianika zake juu ya kigae cha nyungu, na binti yake alikuwa amekaa kando na kijiti, anafukuza kuku.