Oili ya Pawa Stelingi Inapovuja: Oneshwa Kwanza, Lipa Baadaye

Magari mengi yanayotumika Mbeya na Iringa yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na baadhi yamekwisha kuvuka miaka 20. Katika umri huo mipira na sili hukakamaa, nazo asubuhi za baridi za Juni na Julai huzidisha udhaifu huo. Ndipo oili ya pawa stelingi huanza kuvuja. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuitambua hali hiyo, hatua za kuchukua, na namna mlaji anavyoweza kuilinda fedha yake.

Kanuni ya kwanza

Oili hii huzunguka katika mfumo uliofungwa: hutoka katika kikopo chake, huenda kwenye pampu, kisha kwenye stelingi reki, na hurudi ilikotoka. Haitumiki ikaisha kama petroli. Kwa hiyo, ikiendelea kupungua, inavuja mahali fulani. Kuongeza oili kila wiki bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha gharama, si kutengeneza gari.

Kutambua

Egesha gari mahali tambarare na utandaze boksi safi chini ya injini usiku kucha. Mara nyingi oili ya pawa stelingi ni nyekundu, au ya kahawia ikiwa imechakaa. Oili ya giaboksi ya otomatiki nayo huwa nyekundu, hivyo pima zote mbili ujue ipi imepungua. Maji matupu aghalabu hutokana na kiyoyozi. Dalili nyingine ni mvumo unapokata kona, povu ndani ya kikopo, na usukani kuwa mzito wakati wa kuegesha.

Mahali panapovuja

Mwombe fundi asafishe sehemu yote, awashe injini, azungushe usukani, kisha akuoneshe oili inapotokea. Tofauti ya gharama ni kubwa:

1. Klampu iliyolegea au mpira wa kurudisha oili. Haya ni matengenezo madogo.
2. Mpira wa presha. Msukumo wa oili humo huweza kufika mara 30 ya upepo wa tairi. Mpira wa kawaida uliofungwa kwa klampu hautahimili. Dai mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo.
3. Sili ya pampu. Mara nyingi hubadilishwa bila kununua pampu nyingine, endapo shafti haijalika.
4. Stelingi reki. Hapa ndipo gharama huwa kubwa zaidi. Oili hukutwa ndani ya mipira ya kukinga vumbi iliyo kwenye ncha za reki.

Ukiambiwa ununue reki nzima kabla ya kuoneshwa oili ikitoka humo, usikubali haraka. Tafuta fundi wa pili.

Baada ya matengenezo, fundi hana budi kutoa hewa iliyobaki katika mfumo. Tumia oili ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au katika kitabu cha gari. Kamwe usiweke oili ya breki, kwa kuwa huharibu sili.

Usalama safarini

Oili ikiisha, usukani haukatiki, bali huwa mzito ghafla. Katika kona za Mlima Kitonga, au katika mteremko wa Mlima Nyoka, dereva asiyetarajia uzito huo anaweza kushindwa kulikata gari kwa wakati. Aidha, oili inayodondokea ekzosi yenye moto huweza kuwaka, na pampu inayozunguka bila oili huharibika. Hali hiyo ikikukuta njiani, shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo na uegeshe mahali salama. Usizime injini gari likiwa bado linatembea, kwa kuwa breki nazo zitakuwa nzito.

Haki yako

Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni kwa maandishi bei ya spea, bei ya ufundi na muda wa dhamana. Kazi ikiisha, omba upewe spea iliyotolewa, na dai risiti ya EFD kwa kila ulichonunua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji. Endapo umeuziwa spea bandia kwa jina la halisi, na muuzaji amekataa kuirekebisha hali hiyo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na risiti, makubaliano na spea yenyewe.

Maswali matatu ya kumuuliza fundi

Oili inatokea wapi, na je, ninaweza kupaona? Ni kifaa gani hasa kinachobadilishwa, na kwa nini kisibadilishwe kilicho kidogo zaidi? Ikivuja tena ndani ya muda wa dhamana, nani atalipa? Tunamshauri kila mlaji apate majibu ya maswali haya kabla ya kutoa fedha yake.