Tumbo la Jumatatu asubuhi

SWALI: Binti yangu yuko darasa la nne. Tangu walimu waanze kutaja mtihani wa taifa, kila Jumatatu asubuhi anashika tumbo na kulia. Zahanati wamempima, hana malaria wala minyoo. Jumamosi anacheza rede bila shida. Je, anadeka? – Mama, Mbagala

JIBU: Hadeki, mama. Tumbo linamuuma kweli. Mtoto akishikwa na hofu, mwili hutoa homoni za tahadhari, moyo huenda mbio na tumbo huvurugika. Ukimwambia "acha uoga", atajifunza kuficha tu.

Kosa ninaloliona sana ni la huruma: kumwacha abaki nyumbani. Tumbo hupoa, naye huamini kwamba nyumbani ndiko kwenye usalama. Kesho yake geti la shule linazidi kutisha. Aende, ila kwa hatua. Wiki hii mfikishe mlangoni mwa darasa, wiki ijayo getini. Mwambie: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Mfundishe kuvuta pumzi puani na kuitoa polepole mdomoni, kama anayepoza uji. Mzoeze jioni akiwa ametulia, maana hofu ikishapanda hafundishiki.

Kisha, mkiwa mnachambua mchele, muulize nini hasa kinamtisha. Huenda si mtihani, ni fimbo. Ikiwa ndivyo, wa kubadilika si mtoto. Nenda ukaonane na mwalimu mkuu.

Akikosa usingizi au kususa chakula kwa wiki kadhaa, mwone daktari. Akisema hataki kuishi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.