Historia na fumbo katika riwaya: somo kutoka Petit pays



Leo tuisome riwaya ya Kifaransa iliyozaliwa kwetu: Petit pays ya Gaël Faye, iliyotoka 2016. Mwandishi alizaliwa Bujumbura 1982. Anayesimulia ni Gabriel, mtoto wa umri kama wake.

Kwanza, historia. Uchaguzi wa Juni 1993, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba mwaka huo, na mauaji ya kimbari ya Rwanda 1994: hayo yalitokea kweli.

Pili, fumbo. Gabriel anakaa kwenye kichochoro kisicho na njia ya kutokea. Kwa Kifaransa ni impasse, neno linalotumika pia kwa watu waliokwama. Watoto wanacheza humo kama ndugu, kisha chuki ya nje inaingia na kuwagawa. Kichochoro ni nchi. Naye baba, akiulizwa kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana, anaishia kutaja pua. Hilo si jibu la historia. Linaonyesha upuuzi wa ugomvi wenyewe.

Fumbo hugusa moyo, lakini si ushahidi. Sisi wa Rumonge tunajua uzito wa jambo hili: machafuko ya Aprili 1972 yalianza huku ziwani, kisha mauaji yakaenea nchi nzima. Ukisimuliwa kisa cha miaka ile, uliza maswali mawili: nini kilitokea? Msimulizi anataka nielewe nini? Anayeyachanganya anaweza kumchukia jirani asiye na kosa.

Likizo hii, msikilize mzee mmoja nyumbani kwa maswali hayo mawili.