Kuni Zisizoonekana

Mwaka jana tulipopanda jukwaani na ngoma yetu ya akina mama watokao msituni, watu walicheka. Wala haikuwa ngoma ya kuchekesha! Mwamuzi akasema ati kuni zetu zilikuwa nyepesi kuliko pamba. Na tulikuwa tumefanya mazoezi muhula mzima, tukihesabu moja, mbili, tatu, nne hadi sauti zikakauka.

Mimi ndimi niliyeongoza ngoma hiyo, basi kosa lilikuwa langu. Niliwafunza wenzangu hatua, sikuwafunza mzigo. Fauka ya hayo, niliwaagiza wasimame wima na kutabasamu, kama nilivyoona katika ngoma za pwani. Lakini kule pwani mzigo hukaa kichwani, na ni lazima shingo na uti wa mgongo vinyooke. Huku kwetu Murang'a kuni hubebwa mgongoni, kwa ukanda uitwao mukwa unaopita kwenye paji la uso. Hapo mwili hufanya kazi nyingine kabisa.

Aliyetufungua macho ni msichana wa safu ya nyuma. Nilimweka huko kwa sababu nilimwona mzito, hajui kuruka. Siku moja bwaloni akasema polepole, "Si hivyo. Mimi hubeba kila Jumamosi." Wengine wakaguna. Nikamwambia, haya, tuonyeshe. Hakushika kitu chochote. Alichuchumaa, akavuta ukanda usiokuwapo hadi kwenye paji, akaegemea mbele, kisha akainuka kwa nguvu za mapaja. Shingo ikakaza tukaiona. Hatua zikawa fupi, macho chini. Tulinyamaza ji!

Tangu hapo tulianza upya. Kwanza lala chali, fumba macho, usikilize mwili kutoka kisigino hadi kisogo: wapi pamekaza, wapi pamelegea? Asiyejua bega lake liko wapi ataliamrishaje? Halafu simama, uvae mzigo kwa mawazo tu. Anayefunza asiseme "inama", aulize maswali. Kuni ni mbichi ama kavu? Mvua imenyesha? Mlima umebaki mrefu? Ajabu ni kwamba ukiwaza kuni mbichi, magoti hujikunja yenyewe. Kisha tua mzigo. Hapa msiharakishe, jamani, maana mwili uliotua mzigo huyumba kidogo, na kuyumba huko ndiko tulikogeuza kuwa mzunguko wa ngoma yetu. Midundo tuliileta mwisho kabisa.

Mlezi wa chama alitueleza kuhusu Rudolf Laban (1879–1958), mtaalamu wa dansi aliyehamia Uingereza mwaka 1938. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwachunguza wafanyakazi wa viwandani, jinsi wanavyoinua na kusukuma vitu. Yeye aliupima mwendo kwa uzito, wakati, nafasi na mtiririko. Kumbe mbeba mizigo naye ni mwalimu wa dansi!

Mwaka huu msichana yule yuko safu ya mbele, mimi napiga ngoma. Nanyi wasomaji, mkishuka hapa Kenol, simameni kidogo stejini mumtazame anayepakia gunia la maparachichi kwenye matatu. Uzito umemkalia wapi, kiunoni au begani? Atakayegundua aje bwaloni Ijumaa saa kumi jioni atuonyeshe, bila gunia.