SOMO: JERAHA LISILOONEKANA



Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa na maiti zaidi ya 200 ziliopolewa. Wengine wengi hawakuonekana tena. Kabla ya mwaka kupita, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe.

Waliookolewa walirudi majumbani, lakini kupona mwili si kupona moyo. Mtu aliyekiona kifo huweza kushituka usingizini, kuogopa bahari, kunyamaza au kuwa mkali. Mtoto huweza kurudia kukojoa kitandani, au kushindwa kuhifadhi aya ambazo zamani hazikumpa taabu. Huo si ukaidi wala si upungufu wa imani. Ni jeraha, na jeraha halitibiwi kwa bakora.

Sira inatufundisha nini? Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaendea watoto wake, akawakumbatia, na machozi yakamtoka. Kisha akaagiza wafiwa wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Tunapata mambo mawili: kulia hakuvunji subira, na kufariji ni kazi ya jamii nzima.

Basi tufanye nini?

1. Tupeleke chakula na msaada, wala tusikome khitma ikiisha. Wageni wakiondoka ndipo upweke huanza.

2. Tusimlazimishe mtu kusimulia yaliyomfika. Akitaka mwenyewe, tumsikilize bila ya kumkatiza.

3. Mtoto arejee mapema chuoni, skuli na mchezoni. Mambo aliyoyazoea humtuliza.

4. Hali ikiendelea zaidi ya mwezi, au ikiwa nzito, apelekwe hospitali. Kwa Unguja, wataalamu wa maradhi ya akili wapo Kidongo Chekundu. Dua na dawa havigombani.

ZOEZI

(a) Taja dalili tatu za jeraha la moyo kwa mtoto.

(b) Mwenzako wa darasani amefiwa na baba yake, na sasa anagombana na kila mtu. Utamfanyia nini wiki hii? Na baada ya miezi mitatu, watu wakishasahau, utamfanyia nini?

Jadili na wazazi wako nyumbani.